"Kaa Nyumbani": Lugha ya Masharti ya Korona na Manung'uniko ya Wananchi nchini Kenya, 2020–2021

Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, aliwatangazia Wakenya kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa amepatikana nchini. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Tarehe 27 ya mwezi huo huo, amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza kutekelezwa kote nchini. Saa za amri hiyo zilisogezwa mbele na nyuma mara kadhaa, lakini amri yenyewe haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021, katika sherehe za Siku ya Mashujaa zilizofanyika Kirinyaga. Kwa takriban miezi kumi na tisa, basi, Mkenya alipanga kazi, safari, ibada, harusi na hata matanga yake kwa kutazama saa.

Mengi yamekwisha kuandikwa na wanauchumi, madaktari na wanasheria kuhusu kipindi hicho. Kwa upande wa Kiswahili, mjadala uliovuma zaidi ulikuwa wa istilahi. Je, ugonjwa uitwe UVIKO-19 kama ilivyokubaliwa Tanzania, au KOVIDI-19? Je, kifuniko cha pua na mdomo kiitwe maski, au lifufuliwe neno barakoa, ambalo pwani lilijulikana tangu zamani kwa maana ya kifuniko cha uso cha wanawake? Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake. Hata hivyo, makala haya yanaelekeza macho kwingine. Yanachunguza maneno ya kale kabisa, yale ambayo mtoto huyajua kabla hajaingia shule: kaa, nyumbani, toka, funga. Haya ndiyo yaliyobeba amri za serikali, na haya ndiyo yaliyobeba kilio cha wananchi.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya manung'uniko ya umma haikuzuka kwa sababu wananchi hawakuelewa walichoambiwa. Walielewa. Ila waliyasikia maneno hayo kwa maana yaliyokuwa nayo katika maisha yao, na maana hizo zilitofautiana na zile zilizokusudiwa na waliotoa amri.

Mhimili wa Nadharia

Nadharia ya vitendo-uneni, iliyoasisiwa na J. L. Austin na kuendelezwa na John Searle, inatufundisha kwamba kusema ni kutenda. Anayeahidi, anayeomba radhi na anayeamuru hatoi habari tu. Anafanya jambo kwa kinywa chake. Lakini tendo hilo hufaulu pale tu masharti fulani yanapotimizwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, Searle aliyataja masharti ya maandalizi. Kwa upande wa ombi na amri, sharti mojawapo ni kwamba msikilizaji awe na uwezo wa kulitenda analoambiwa. Kumwambia kiwete "Simama ukimbie" si amri iliyokaidiwa asipokimbia. Ni amri iliyozaliwa ikiwa na kasoro.

Swali la kuuliza, basi, ni hili: maneno ya masharti ya korona yalimchukulia msikilizaji kuwa mtu wa namna gani? Yalidhani ana nini nyumbani mwake?

Kitenzi "Kaa" na Maisha ya Kibarua

Kitenzi kaa kina maana nyingi. Mtu hukaa kitako, hukaa mjini, maji hukaa mtungini, nguo humkaa mtu vyema. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya kuna maana nyingine, nayo ina uchungu. Mtu akiulizwa habari za nduguye akajibu, "Siku hizi anakaa tu nyumbani," msikilizaji huelewa mara moja kwamba ndugu huyo hana kazi. Kinyume cha kukaa, katika matumizi haya, ni kutafuta. Kitenzi hiki hutumika bila yambwa: "Ametoka kutafuta." Hakuna haja ya kusema anatafuta nini. Ni chakula cha siku hiyo.

Methali nazo zimeegemea upande huo huo. Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, na kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Katika hekima hii, mwenye kutoka ndiye mwenye matumaini, na mwenye kukaa ndiye aliyekata tamaa. Mtu aliyelelewa kwa methali hizi alipoambiwa "Kaa nyumbani," aliambiwa kwa lugha yake mwenyewe kwamba amefutwa kazi.

Tafsiri hiyo haikuwa ya kubuni. Kwa mujibu wa takwimu za serikali za mwaka 2020, zaidi ya watu wanane katika kila kumi walioajiriwa nje ya kilimo kidogo walikuwa katika sekta isiyo rasmi. Hawa ni akina mama mboga, wasukuma mikokoteni, vibarua wa ujenzi, wachuuzi wa barabarani na akina mama wanaofua nguo za watu. Neno kibarua lenyewe lina historia: linatokana na barua, yaani kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kuonyesha kwamba siku hiyo ametumika. Asiyefika kazini hana kijikaratasi, na asiye na kijikaratasi hana ujira.

Ni kweli kwamba serikali ilijaribu kuwapunguzia wananchi mzigo. Tarehe 25 Machi 2020 ilitangazwa kwamba wanaopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wangesamehewa kodi ya mapato yote, kwamba kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kingeshuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na kwamba kodi ya ongezeko la thamani ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Baadaye vijana wa mitaa ya mabanda waliajiriwa kufagia na kuzibua mitaro kupitia mpango wa Kazi Mtaani. Hata hivyo, nafuu mbili za mwanzo ziliwafaa watu waliokuwa na mshahara wa kukatwa kodi. Mama anayengoja langoni mwa mtaa wa matajiri aitwe kufua hakuwa na kodi ya mapato ya kusamehewa. Alichopoteza ni kuitwa, maana waliozoea kumwita waliogopa kuambukizwa.

Mwaka 2020 ulipokwisha, uchumi wa Kenya ulikuwa umepungua kwa asilimia 0.3, na takwimu rasmi zilionyesha kwamba zaidi ya nafasi 700,000 za kazi zilikuwa zimepotea. Katika mwanga huo, onyo lililokumbukwa zaidi la Waziri Kagwe, kwamba watakaoendelea kuishi kikawaida ugonjwa utawatendea yasiyo ya kawaida, lina la kuchunguzwa. Onyo hilo lilikuwa la kweli kitabibu. Lakini kawaida ya nani? Kwa mwenye akiba, kawaida ni mazoea yanayoweza kuahirishwa. Kwa kibarua, kawaida ni chakula cha jioni.

Nyumbani ni Wapi?

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kiambishi -ni kikiambatishwa kwenye nomino huzaa kielezi cha mahali, na kwamba mahali hapo huweza kuchukua upatanisho wa aina tatu: pa, ku na mu. Nyumbani petu ni mahali mahususi. Nyumbani mwetu ni ndani ya kuta. Nyumbani kwetu ni mahali pa asili, kwa watu wetu, hata kama pako mbali.

Tangazo "Kaa nyumbani" halikuwa na kimilikishi. Serikali ilimaanisha nyumbani mwa: ndani ya kuta zozote mlalamo usiku huu. Wengi waliokuwa mijini walisikia nyumbani kwa. Kwa mkazi wa Nairobi aliyetoka Siaya, Vihiga, Kitui au Murang'a, nyumbani ni mashambani kwa wazazi wake, mahali anaporudi Desemba na mahali atakapozikwa. Chumba anachokodi mjini hakiiti nyumbani. Hukiita nyumba, chumba, au kwa lugha ya vijana, keja. Anapopoteza kazi, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwenda nyumbani, kwa kuwa huko hakuna kodi ya nyumba, na shambani hakukosi hata sukumawiki.

Njia hiyo ndiyo iliyofungwa. Jioni ya tarehe 6 Aprili 2020, usafiri wa kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi ulisitishwa. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Sababu ilikuwa wazi: virusi visisafirishwe kuwafikia wazee mashambani. Kitabibu, hoja hiyo ilikuwa nzito. Lakini aliyeambiwa akae nyumbani, kisha akazuiwa kwenda nyumbani, alijikuta kati ya amri mbili zilizopingana ndani ya neno moja. Kikwazo cha Nairobi na Mombasa kiliondolewa Julai 2020, na muda wote huo mwenye nyumba alihitaji kodi yake.

Hata nyumbani mwa yenyewe ilikuwa na mashaka. Katika mitaa kama Mathare, Kibera na Mukuru, jamaa nzima huishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, choo hutumiwa na nyumba nyingi, na maji hununuliwa kwa mtungi. Tangazo la kunawa mikono mara kwa mara liliwachukulia wasikilizaji kuwa watu wenye mfereji. Tangazo la kujitenga liliwachukulia kuwa na chumba cha pili. Watu wa mitaa hiyo hawakuchukia kunawa. Walijua bei ya kila mtungi.

Funga, Fungwa, Fungiwa

Mnyambuliko wa kitenzi funga unatosha kuwa historia fupi ya kipindi hiki. Taarifa rasmi zilipendelea maneno ya kiofisi: kusitisha usafiri, kudhibiti msambao, kutekeleza kanuni. Mitaani, watu walisema "tumefungiwa". Kauli ya kutendewa ilionyesha kwamba mtendaji yuko kwingine, na mzizi wenyewe ulikaa karibu mno na kifungo na mfungwa. Mifugo ndiyo hufungiwa. Mtu mzima akijitamkia kitenzi hicho amekwisha kujieleza hali yake.

Pwani, kitenzi hicho kilikuwa na maana ya ziada. Ramadhani ya mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, watu wakafunga saumu huku misikiti imefungwa na tarawehe ikiswaliwa majumbani. Tarehe 6 Mei, Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, uliwekewa marufuku ya kuingia na kutoka, nayo yalidumu takriban mwezi mmoja. Maeneo haya mawili yana wakazi wengi Waislamu, na yanaishi kwa biashara ya reja reja. Katika mwezi wa kawaida wa Ramadhani, wachuuzi wa viazi karai, kaimati na sambusa huchuma riziki yao baina ya alasiri na usiku. Mwaka huo, kati ya adhana ya Magharibi na mwanzo wa kafyu hapakuwa hata na saa nzima. Aliyefunga kwa imani alijikuta amefungiwa kwa amri, na mizania ya biashara yake imefungika yenyewe.

Shuleni, kufunga kulidumu kuliko ilivyotarajiwa. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea tarehe 12 Oktoba 2020. Wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na simu, na tofauti ya nyumba moja na nyingine ikawa tofauti ya elimu. Walimu wa shule za kibinafsi, ambao mishahara yao hutoka kwenye karo, wengi wao walikaa miezi bila malipo.

Ndipo, tarehe 26 Machi 2021, Rais alipotangaza kwamba kaunti za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zimefungwa tena na kafyu humo kurudishwa saa mbili usiku, malalamiko yalikuwa makali kuliko ya mwaka uliotangulia. Hali hii inaeleweka. Mwaka 2020 watu walivumilia wakijua kwamba kinachofungwa hufunguliwa. Mwaka 2021 walikuwa wametumia akiba yote ya uvumilivu pamoja na akiba ya fedha. Vikwazo hivyo viliondolewa tarehe 1 Mei 2021.

Kafyu na Kumbukumbu

Neno kafyu halikuja na korona. Liliingia katika masikio ya Wakenya zamani, na wazee wengi waliolisikia mwaka 2020 walikuwa wamelisikia utotoni wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kukomeshwa mwaka 1960. Wakati huo kafyu ilikwenda sambamba na kipande, msako na rungu. Amri ya mwaka 2020 nayo ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo chimbuko lake ni zama za ukoloni.

Neno lenye kumbukumbu kama hiyo lingeweza kusafishwa kwa vitendo vya upole. Kilichotokea kilikuwa kinyume. Siku ya kwanza ya kafyu, tarehe 27 Machi 2020, saa moja haijafika, polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga abiria waliokuwa wakingoja kivuko Likoni, Mombasa. Watu hao walikuwa wakijaribu kufika nyumbani kama walivyoamriwa. Usiku wa tarehe 30 Machi, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, Kiamaiko, Nairobi, akafa. Yeye hakuwa ametoka. Alikuwa nyumbani.

Tarehe 1 Aprili Rais aliwaomba Wakenya radhi kwa nguvu zilizopita kiasi, na tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu iliamua kwamba amri ya kafyu yenyewe ilikuwa halali, bali matumizi ya nguvu kupita kiasi katika kuitekeleza yalikuwa kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo wananchi wengi nao waliyatenganisha: sharti, na namna ya kulitekeleza. Kwa lugha ya nadharia yetu, amri ya "kaa nyumbani" huambatana na ahadi ambayo haitamkwi, kwamba aliye nyumbani atakuwa salama. Kiamaiko ahadi hiyo ilivunjwa, na baada ya hapo maneno yale yale hayakuweza kusikika kama mwanzo.

Mawe Chunguni

Mwezi huo huo wa Aprili, habari zilienea kuhusu mama mmoja mjane wa Kisauni, Mombasa, aliyekuwa akiwalea watoto wake wanane kwa kufua nguo za watu. Kazi ilipokatika, aliteleka sufuria yenye mawe ili watoto wadhani chakula kinaiva na wapitiwe na usingizi. Jirani aliligundua jambo hilo, likafika kwenye vyombo vya habari, na Wakenya wasiomjua wakamtumia fedha kwa simu. Njia hiyo ilikuwa imerahisishwa, kwa kuwa tangu katikati ya Machi ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa ilikuwa imeondolewa.

Kwa hadhira ya pwani, kisa hiki kilikuwa na mwangwi. Katika mawaidha na ngano za Kiislamu husimuliwa habari za Khalifa Umar bin Khattab, aliyekuwa akitembea usiku kukagua hali za raia. Usiku mmoja alisikia watoto wakilia, akamkuta mama yao akichemsha maji na mawe ili kuwalaza. Khalifa alirudi ghalani, akajitwika gunia la unga begani mwake, akakataa kupokewa, akawapikia watoto kwa mikono yake mwenyewe.

Tofauti kati ya ngano na kisa cha Kisauni ndiyo inayoeleza uzito wa manung'uniko ya kipindi hicho. Katika ngano, mtawala ndiye anayetoka usiku, na kutoka kwake ndiko kunakomwezesha kusikia. Mwaka 2020, usiku ulikuwa wa doria. Aliyesikia njaa ya watoto hawa alikuwa jirani. Fasihi simulizi haikuwa imekufa majumbani. Ilikuwa mizani ambayo kwayo watu waliupima utawala wao.

Tahadhari

Makala haya yasisomwe kama utetezi wa waliokana ugonjwa. Korona iliua. Zaidi ya vifo 5,600 viliandikishwa rasmi nchini Kenya, wakiwemo madaktari na wauguzi. Wala wananchi kwa ujumla hawakuwa wakaidi. Mitungi ya maji yenye mfereji ilisimama mbele ya vibanda na hoteli ndogo ndogo, mafundi cherehani walishona barakoa za vitambaa, na matatu za abiria 14 zilibeba 8, ijapokuwa nauli ilipanda. Watu waliolalamika asubuhi ndio hao hao walionawa mikono jioni. Kulalamika na kutii vinaweza kukaa katika mtu mmoja, na mchunguzi wa lugha asiyelitambua hilo atachukulia kila nung'uniko kuwa uasi.

Hitimisho

Barakoa ziliacha kuwa lazima katika maeneo ya wazi mwezi Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Maradhi mengine yatakuja, na matangazo yataandikwa upya, pengine na wasomaji wa jarida hili watakaokuwa wafasiri, wanahabari na walimu. Kuna mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza, kutafsiri tangazo la afya si kutafuta kisawe cha kamusi tu. Mfasiri hana budi kuuliza neno hilo lina maana gani kwa mtu wa Mukuru au Kisauni kabla halijachapishwa ukutani. Pili, kila amri ichunguzwe masharti yake ya maandalizi. Panaposemwa "nawa", pasemwe maji yatatoka wapi; panaposemwa "kaa", pasemwe atakayekaa atakula nini. Tatu, idara za Kiswahili zikusanye lugha ya miezi ile kumi na tisa ingali vinywani mwa watu: vichekesho, mawaidha, maneno ya makondakta, misemo ya akina mama sokoni. Wazee waliokumbuka kafyu ya mwaka 1952 walipungua kila mwaka bila kuulizwa vya kutosha. Waliokumbuka ya mwaka 2020 wako kila mahali.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kazi ya mtu wa lugha ni kuhakikisha kwamba mwenye shibe, kabla ya kuandika amri, amekwenda kumsikiliza mwenye njaa akilitamka neno lile lile.